Ulinzi wa Kimya

Kocha msaidizi wa timu ile alicheza ligi kuu ya mpira wa kikapu miaka mingi, na hakuna anayekumbuka kumwona akitupa mpira ukaingia. Kazi yake ilikuwa kuzuia. Wenzake wa zamani walisema Mungu alipokuwa anagawa mikono ya kulenga, yeye alikuwa zamu mlangoni na hakutaka kuondoka. Wakamwita Komeo. Jina likamganda hata alipoacha kucheza na kuwa kocha wa ulinzi, hata mkewe alilitumia siku za hasira.

Komeo aliamini kwamba ulinzi uko mdomoni. Aliwaeleza hivyo vijana wapya kila msimu, akitembea kinyumenyume uwanjani kuwaonyesha. Anayemlinda mwenye mpira hutembea hivyo, na hana macho kisogoni. Mpinzani mwingine anakuja polepole, anasimama nyuma yake kama nguzo, kisha mwenye mpira anapita ubavuni mwa nguzo hiyo. Mlinzi akigeuka kumfuata anagonga kifua cha mtu. Hila hiyo ni ya zamani kama mchezo wenyewe na bado inaua timu. Dawa yake ni mlinzi wa nyuma, anayeiona nguzo ikija, kusema. Aseme “badili”, wabadilishane watu. Aseme “pita”, mwenzake ajipenyeze. Aseme “bana”, wamkabe mwenye mpira wawili kwa pamoja. Neno likichelewa, Komeo alisema, ni sawa na kufunga mlango mwizi akiwa ameshafika kona na redio yako.

Alikuwa na neno lingine alilolipenda. “Mpira utatupwa tu. Sisi hatuzuii mpira kutupwa. Tunachagua nani autupe.”

Masikio yake yalianza kumwacha bila kuaga. Kwanza birika la chai likaacha kupiga mluzi, akadhani limeharibika. Kisha wajukuu wakaanza kunong’ona, naye akawakemea wazungumze kama watu. Daktari alimweleza kwamba masikio ya namna yake huliwa kuanzia juu: sauti nyembamba huondoka kwanza, nzito zinafuata baadaye bila haraka. La kulia lilikuwa karibu limekwisha, la kushoto lilikuwa njiani. Alipewa kifaa cha kusaidia kusikia. Alikivaa ukumbini siku moja, na viatu na filimbi vikamwingia kichwani kama gunia la mabati linaloburutwa. Akakifungia kwenye droo ya soksi na hakumwambia mtu kazini.

Wakati huo timu ilikuwa na mchezaji wa kati mrefu kuliko wote, mtu aliyeinama kwenye kila mlango kama anayesalimia nyumba. Kimo kile kilikuja na sauti nyembamba ajabu, sauti ya mtoto aliyetumwa dukani. Alikuwa anaionea haya, akisema kwa uchache. Mazoezini siku moja, msimu uliopita, Komeo alisimamisha mchezo na kumwuliza mbele ya wenzake kwa nini nguzo inakuja yeye hasemi. Wakarudia. Akasimamisha tena. Mara ya mwisho akamwambia ana kimo cha mnara na mdomo wa samaki, na kwamba hakuja kufundisha mabubu. Yule mrefu alimtazama, akawatazama wenzake. Mmoja akacheka, wengine wakafuata. Tangu siku hiyo aliitwa Bubu, na kweli akaacha kusema.

Msimu mpya ulipoanza, Komeo alileta sheria mpya: mikono. Yeye mwenyewe angesimama kando ya benchi, asome shambulizi linavyojipanga, kisha ainue mkono. Ngumi ni badili. Kiganja wazi ni pita. Mikono miwili juu ni bana. Aliwaambia kumbi zina kelele na sauti hupotea, jambo ambalo lilikuwa kweli. Hakuwaambia kwamba alitaka ulinzi anaoweza kuuona.

Ukafanya kazi. Hakuna timu iliyofungwa vikapu vichache kuliko wao msimu ule. Magazeti yakauita ulinzi wa kimya, na watu wakaja mapema ukumbini kutazama wanaume watano wanavyosogea pamoja bila neno, kama wamefungwa uzi mmoja. Kocha mkuu, ambaye alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, alifurahi kupita wote.

“Shemeji,” alimwambia, “umewafundisha vijana wangu kunyamaza. Dada yangu amejaribu kukufundisha wewe maisha yote akashindwa.”

Komeo alicheka kwa sababu aliona shemeji yake anacheka.

Lakini ligi ni jambo moja na mchujo ni jambo lingine. Katika ligi unakutana na timu leo, keshokutwa iko nyingine, na kila moja inaondoka na mambo yake. Kwenye mchujo mnakaa na mpinzani mmoja kama wapangaji wa nyumba moja. Baada ya wiki anajua unavyokohoa. Nusu fainali ilikuwa ya kutangulia kushinda michezo mitatu. Walishinda miwili ya kwanza bila jasho jingi. Wa tatu wakapoteza. Wa nne wakaaibishwa. Mshambuliaji mfupi wa wapinzani, aliyeitwa Sindano kwa kupita kila tundu, alimzunguka nahodha wao kana kwamba nahodha amepigiliwa misumari sakafuni, akaingia hadi chini ya kikapu, na kila alipofika hapo alimkuta Bubu amechelewa kidogo.

Mchezo wa tano ndio ungeamua. Kocha mkuu alimvuta Komeo pembeni mwa korido. Kwa mawazo yake tatizo lilikuwa miguu ya Bubu. Mtu mrefu amechoka, hatoki kwa wakati kumziba Sindano. Angemweka benchi na kumwingiza mfupi mwenye kasi. Mkataba wa Bubu ulikuwa unaisha mwisho wa msimu, na mchezaji anayekalishwa siku kama ile hapigiwi simu tena. Wote wawili walilijua hilo. Kocha mkuu alimwomba akatazame video, amwambie kama amekosea.

Chumba cha video kilikuwa cha binti mmoja aliyekata picha za michezo, akitafuna kifuniko cha kalamu tangu asubuhi hadi jioni. Picha zake hazikuwa na sauti kamwe. Alisema kelele zinamchanganya. Komeo alikipenda sana chumba kile. Humo kila mtu alikuwa kiziwi kama yeye.

Alianza kwa kutazama miguu, kama alivyozoea. Miguu ya Bubu haikuwa na kosa. Ilianza safari kwa wakati, ila ilikuta ya Sindano imeshaanza. Akamwomba binti arudishe nyuma, amtazame Sindano pekee. Sindano hakuwa anaitazama nguzo inayokuja kumsaidia. Hakuwa anautazama mpira. Macho yake yalikuwa kwenye kidevu cha nahodha.

“Rudisha tena, mwanangu.”

Akaona. Nguzo ilipokaribia, kidevu cha nahodha kiligeuka upande wa benchi, kufumba na kufumbua, kutafuta mkono. Hapo hapo Sindano aliondoka. Tena na tena. Na pale mkono ulipokuwa ngumi, yule aliyesimama nguzo hakungoja kubadilishiwa mlinzi. Aliteleza kwenda kikapuni kabla wenye ulinzi hawajaanza kubadilishana. Wapinzani walikuwa wanasoma mkono uleule. Pembeni kabisa mwa picha, nusu ndani nusu nje, alisimama mzee aliyevaa nguo za mazoezi, ngumi juu. Komeo alimtazama mzee yule kwa muda. Miaka yote alikuwa hajawahi kuwasaidia wapinzani kufunga, na sasa alijiona akiwachorea ramani.

Binti alimwuliza kitu. Aliona midomo yake ikienda, akaitikia kwa kichwa asijue ameitikia nini, akatoka.

Nyumbani mkewe alikuwa kwenye cherehani, chumba cha mbele, vitambaa vimejaa kwenye kochi. Alikuwa fundi wa nguo za harusi, mwenye pini mdomoni, na kwa mwaka mzima alikuwa amejitungia njia zake za kumwita mumewe: kugonga meza ili mtikisiko umfikie, kuwasha na kuzima taa, kumrushia kipande cha kitambaa. Nyumba nzima ilizijua njia hizo. Wajukuu walizifanya mchezo.

Komeo alikaa upande ambao sikio la kushoto lingemwelekea, akamweleza yote aliyoyaona. Dawa ilikuwa rahisi kuitaja. Wairudie midomo yao, nahodha aache kugeuza kidevu, Bubu amsemee kutoka nyuma. Lakini shemeji angeuliza kwa nini mikono ilikuja kwanza. Na kocha wa midomo asiyesikia midomo ana kazi gani kwenye benchi? Benchi lile ndilo maisha yake. Akinyamaza, angebaki nalo, na Bubu angelipa.

Mkewe alitoa pini mdomoni. Alianza ile methali ya mficha maradhi, akaiacha katikati, amalizie mwenyewe.

“Huyo mrefu ndiye uliyemwita bubu?” akauliza.

“Ndiye.”

“Alikuwa hasemi kweli?”

Komeo alitazama mikono yake. “Sijui, mama watoto. Hilo ndilo linaloninyima raha. Sijui.”

“Basi kamuulize. Na ukae karibu, usije ukamsingizia mara ya pili.”

Akasema angezungumza na mdogo wake yeye mwenyewe, amlainishe kwanza. Komeo alikataa. Mkewe akarudisha pini mdomoni, akaendelea kushona gauni la mtoto wa watu, lakini mguu wake kwenye cherehani ulikwenda polepole kuliko kawaida.

Asubuhi ya mchezo, wachezaji walibanana kwenye chumba cha video. Komeo aliomba asimame mbele. Aliwaonyesha kidevu cha nahodha, akawaonyesha ngumi yake mwenyewe pembeni mwa picha, na chumba kikaanza kusogea kwenye viti. Nahodha alijishika kidevu kama aliyeambiwa ana uchafu. Kisha Komeo akasema kwamba miguu ya Bubu haikosi chochote, na kwamba alileta mikono kwa sababu hasikii. Hakuizungushia maneno. Alisema la kulia limekufa na la kushoto linafuata, na kwamba hali hiyo ilianza kabla ya msimu huu.

Kocha mkuu alikuwa ameegemea ukuta. “Shemeji,” alisema. “Msimu mzima.”

“Na kipande cha ule mwingine.”

Akamgeukia yule mrefu, aliyekaa nyuma na magoti yake karibu na masikio. “Siku ile nilipokuita bubu. Ulikuwa unasema?”

Midomo ya Bubu ilisogea. Komeo hakupata kitu. Akasubiri, kisha akawatazama wengine, na nahodha ndiye aliyeinua sauti.

“Anasema alikuwa anasema, Mzee. Sote tulimsikia. Tulidhani hukuipenda sauti yake.”

Hakuna aliyecheka. Mashine ya picha iliendelea kuwaka, mzee mwenye ngumi akiwa amesimama ukutani. Komeo alipita katikati ya viti hadi nyuma, akijigonga kwenye magoti ya watu, akainama mbele ya mtu ambaye akiwa amekaa alimfikia bega.

“Bubu hakuwepo, mwanangu,” alisema. “Kulikuwa na kiziwi tu. Nisamehe.”

Bubu hakusema amesamehe. Alisogeza miguu yake, nafasi ikapatikana kwenye kiti cha jirani, na Komeo akakaa hapo.

Kocha mkuu alitoka nje kidogo. Aliporudi macho yake hayakumtazama shemeji yake. Alisema Bubu ataanza, mikono imekwisha, na Komeo atakaa mwisho wa benchi. Komeo aliitikia. Kabla hawajatawanyika aliwaambia neno moja: “Leo mkiniona nimeinua mkono, ninajikuna. Msinitazame.”

Ukumbi ulijaa mapema. Komeo alikaa mwisho kabisa, karibu na ndoo ya maji na taulo, akaweka mikono chini ya mapaja, akaikalia. Mambo yakaanza vibaya. Mazoea ni kama mpangaji sugu, hatoki kwa sababu ameambiwa. Nguzo ilipokuja, kidevu cha nahodha kiligeuka chenyewe, kikamkuta mzee aliyekalia mikono yake, na Sindano akawa ameshapita. Bubu naye alifungua mdomo na kuufunga. Mwaka mzima wa kunyamaza ulikuwa umemkalia kooni. Watu walipiga kelele mikono irudi. Wengine waliinua ngumi zao majukwaani, kwa kejeli.

Wakati wa mapumziko makubwa Komeo hakuingia kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Alibaki na taulo zake. Hakujua walichoambiana humo. Alichoona ni kwamba walirudi na nahodha akiwa ameshika shingo ya Bubu, akimvuta chini kama anayetaka kumng’ata sikio, na Bubu anacheka.

Kisha ulinzi ukabadilika mbele ya macho yake. Nguzo ilikuja, na nahodha akasogea kabla haijafika, bila kugeuka. Ikaja nyingine, wakabadilishana kama watu wanaopishana mlangoni mwa nyumba yao. Komeo hakusikia kitu, ni ngurumo nzito tu kwenye sikio la kushoto, kama lori linalopita mtaa wa pili. Lakini aliona watazamaji wa viti vya mbele wakigeuza vichwa, wakitafuta nani mwenye sauti ile. Akaelewa. Katika ukumbi ule sauti zote nzito zilimezana, na ile nyembamba ilipita katikati yake kama uzi. Sauti aliyoipoteza yeye kwanza kuliko zote ndiyo iliyokuwa inasikika kwa wenye masikio.

Sindano alisimama na mpira, akakitazama kidevu cha nahodha. Kidevu hakikwenda popote. Akatupa jicho kwenye benchi kutafuta mkono, na kwa mara ya kwanza katika mchujo wote macho yake na ya Komeo yakakutana. Komeo alibaki ameikalia mikono yake.

Waliwafikia. Wakawapita. Shambulizi la mwisho lilipokuja walikuwa mbele kwa pointi moja, na mpira ulikuwa kwa Sindano. Nguzo ikaja. Mdomo wa Bubu ukafunguka wote, na hata kiziwi aliweza kusoma neno hilo: bana. Nahodha na Bubu wakamfunga Sindano kwenye mstari wa pembeni, mikono kama ukuta unaokua. Tundu pekee lililobaki lilikuwa kona ya mbali, kwa yule mchezaji wa wapinzani ambaye tangu alasiri hakuwa amefunga kikapu hata kimoja, ambaye Komeo, kama angeulizwa na ulimwengu wote achague nani autupe mpira wa mwisho, angemtaja yeye bila kufikiri.

Mpira ukamfikia. Akautupa vibaya, mguu mmoja hewani. Ukagonga chuma, ukapanda, ukakaa juu ya ukingo kama ndege anayejishauri, ukaingia.

Kesho yake magazeti yaliandika kwamba timu iliyokuwa na ulinzi bora iliuacha ulinzi wake siku iliyouhitaji zaidi. Muuza magazeti wa kona, aliyemjua Komeo, alimpa pole na kumwuliza nani aliyewaroga hata wakaacha mikono. Komeo alisema ni yeye. Muuza magazeti alidhani ni mzaha.

Kocha mkuu alikuja nyumbani kabla ya juma kwisha. Alizungumza kwanza na dada yake, kwa sauti ya chini, jambo ambalo Komeo hakulilalamikia kwa kuwa zote kwake zilikuwa za chini. Kisha akakaa upande wa kushoto. Alisema hawezi kumrudisha benchi, na kwamba amekasirika, na kwamba hasira hiyo itachukua muda. Lakini binti wa video anataka mtu wa kumwambia akate nini.

“Humo hamna sauti,” alisema.

“Najua,” Komeo alijibu. “Nimezoea.”

Bubu alifika wa mwisho, siku ya mvua. Mkataba mpya alikuwa amepata, kwenye timu ya mbali, na alikuja kuaga. Wenzake walijaribu kumwondolea lile jina, likakataa. Majina ya utani hayana mlango wa kutokea. Mke wa Komeo aliwasha na kuzima taa kwa mazoea, ingawa siku hizi mumewe alivaa kifaa na mvua juu ya bati ilikuwa inamtesa. Yule mrefu akainama mlangoni, akaondoa vitambaa kwenye kochi, akakaa na magoti yake juu.

Walikunywa chai. Walizungumza juu ya safari, na vitanda vifupi vya nyumba za wageni. Kisha Bubu akaweka kikombe chini.

“Mzee, ule mpira wa mwisho. Nilisema bana. Ulinisikia?”

Komeo angeweza kumpa zawadi hiyo. Akagusa kifaa sikioni.

“Hapana, mwanangu. Sikukusikia.” Akakitazama kidevu chake mwenyewe kwenye kioo cha kabati la nguo za harusi, kilivyotulia. “Lakini nahodha hakugeuka. Niliona umesikika.”